Kuku Wasiovimba

Mwanabaraka alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa ule wa siku moja, ambao mtu hulala akaamka umeondoka. Ulikuwa uchovu wa miezi minne. Alilala nao, akaamka nao, akaenda nao bombani kuchota maji.

Miezi minne nyuma, mumewe Mwinjuma alikuwa kuli bandarini. Siku moja robota la katani lilimwelemea, mgongo ukamshika palepale. Daktari alimwambia alale juu ya ubao, asinyanyue kitu, asubiri.

"Nisubiri mpaka lini?" Mwinjuma aliuliza.

"Mpaka mgongo ukubali," daktari akajibu.

Basi Mwinjuma akawa mtu wa kulala barazani, na nyumba yao ya Temeke ikawa inakula kwa kuku. Kuku wenyewe walikuwa kumi na wanne. Jogoo alikuwa mmoja, waliobaki wote matetea. Kila asubuhi Mwanabaraka alifagia banda, akachota maji, akapika uji, akamgeuza mumewe ubavu. Kisha alijitwika kikapu cha mayai akaenda kuyauza Chang'ombe kwa miguu. Alirudi na unga na dagaa. Siku ambayo kuku hawakutaga, watu walikunywa uji wakalala.

Kati ya kuku hao alikuwepo mmoja mzee, upanga wake wa kichwani umejaa makovu. Mwinjuma alimwita Bi Mkongwe. Miaka mitatu nyuma kuku huyo aliugua vibaya, macho yakafumba kwa vidonda, na kila mtu alisema atakufa. Hakufa. Sasa alikuwa mtawala wa banda lote, na kila mwenzake alimwogopa.

Huo ulikuwa mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza. Picha yake ilibandikwa kila duka, lakini wafugaji wa kuku hawakuwa na habari naye. Wao walikuwa wanazungumza habari za Mtoni. Huko kuku walikuwa wanaota vidonda vyeusi kwenye upanga na kando ya macho. Wengine walijaa utando kooni, wakashindwa kumeza. Walikaa wamejikunyata, kisha wakafa mmoja mmoja. Ilikuwa ndui ya kuku.

Mwanabaraka aliposikia, alikwenda bandani akawakagua kuku wake. Mtoni haikuwa mbali.

Siku chache baadaye alikuja Bwana Albano, msaidizi wa bwana mifugo. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, na baiskeli yake ilikuwa fupi, kwa hiyo magoti yalikuwa yanakaribia kidevu. Nyuma ya baiskeli alifunga chupa kubwa ya kuhifadhi baridi, ndani yake barafu.

"Hodi hapa!"

"Karibu, bwana," akajibu Mwinjuma kutoka barazani. "Karibu, ila mie sinyanyuki."

"Usinyanyuke, mzee wangu. Shikamoo. Nimekuja kuchanja kuku."

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Mwanabaraka alimkamata kuku wa kwanza akamshika miguu. Albano alinyonyoa manyoya machache pajani. Kisha alichovya kibrashi kigumu kwenye dawa, akasugua vile vitundu vilivyotoka manyoya. Damu kidogo ilionekana. Kuku alipiga kelele kama anayechinjwa.

"Hii ndiyo dawa ya ndui?" Mwanabaraka aliuliza.

"Hii ni ndui yenyewe, mama, ila imepunguzwa nguvu. Tunampa kuku kidogo ili mwili wake umjue adui. Ila hii ni ya ndui tu. Mdondo, ule ugonjwa mwingine wa kuku, ukija, huu si ulinzi wake."

Walichanja wote kumi na wanne, Bi Mkongwe akiwa wa mwisho. Huyo alimdonoa Albano mkono, na hakuna aliyemlaumu.

"Sasa sikiliza, mama," Albano alisema akifunga chupa yake. "Usiwapake dawa yoyote. Waache hivyohivyo. Nitarudi siku ya tisa kuwatazama."

"Mwanabaraka!" Mwinjuma aliita. "Njoo unigeuze, mgongo unawaka moto."

Mwanabaraka alikimbia kumgeuza. Alipotoka tena, Albano alikuwa amekwisha panda baiskeli kwenda nyumba ya pili.

Mwanabaraka alisimama akawatazama kuku wake. Mapaja yalikuwa mekundu, na nzi walikuwa wamekwisha anza kuzunguka. Kwao Kisiju alikozaliwa, ngozi ikichubuka hukamuliwa ndimu. Mtoto akianguka, ndimu. Mtu akijikata kwa kisu, ndimu na chumvi kidogo. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake vilevile. Bwana Albano alisema wasipakwe dawa. Sawa. Kwani ndimu ni dawa? Ndimu ni ndimu.

Akakata ndimu nne. Akamkamata kuku mmoja mmoja, akamkamulia pajani, akamsugua vizuri mpaka damu ikaondoka. Kazi ilimchukua mchana kutwa. Alipomaliza, viganja vilikuwa vinamwasha na kiuno hakinyooki.

"Wewe mwanamke unajitesa," Mwinjuma alisema.

"Nisipojitesa mie, atajitesa nani?" alimjibu. Neno lilikuwa limemtoka kali kuliko alivyotaka. Mwinjuma akageuza uso ukutani, naye Mwanabaraka akaumia moyo, lakini hakuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Siku ya kwanza ilipita. Siku ya tatu ikapita. Kuku walikula, wakataga, wakagombana kama kawaida.

Jirani yao alikuwa Demetria, mwanamke wa Bukoba, mumewe karani. Yeye alikuwa na kuku tisa, nao walichanjwa siku ileile, mapema asubuhi. Siku ya saba Demetria alikuja mbio kwa Mwanabaraka, kilemba mkononi.

"Shoga yangu, wangu wamevimba!"

"Wamevimba wapi?"

"Palepale kwenye paja alipowapaka yule bwana. Vile vitundu vimefura vikawa kama mbegu za ufuta. Na mayai yamepungua. Katuletea ugonjwa yule mtu!"

Mwanabaraka alienda kutazama. Ilikuwa kweli. Kila kuku alikuwa na vinundu pajani. Akarudi nyumbani mbio, roho mkononi. Akamkamata wa kwanza. Paja laini. Akamkamata wa pili. Laini. Akawakagua wote kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyevimba.

"Mwinjuma," alisema, akikaa chini kwa mara ya kwanza siku ile, "ndimu imeniokoa."

Siku ya tisa asubuhi Demetria alikuja tena. Vinundu sasa vilikuwa vimefanya vigaga vya rangi ya kahawia.

"Nimekata shauri," alisema. "Nitawachinja leo, wote tisa, kabla hawajafa wenyewe. Heri tule nyama."

"Usiwachinje, shoga," Mwanabaraka alimwambia. "Mie nitakusaidia. Nakuja na ndimu." Akafunga ndimu sita kwenye pindo la kanga yake, akamfuata.

Walipofika uani, kisu kilikuwa kimekwisha nolewa na maji ya kunyonyolea yapo motoni. Kabla Mwanabaraka hajafungua pindo, kengele ya baiskeli ililia.

"Hodi! Siku ya tisa imefika," Albano alisema. Kisha akaona kisu. "Mna sherehe?"

"Sherehe gani?" Demetria alimgeukia kwa hasira. "Umeniulia kuku wangu! Tazama!" Akamtia tetea mmoja mikononi.

Albano alifunua manyoya. Akapapasa vile vigaga kwa kidole gumba, polepole. Akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyepokea barua nzuri.

"Safi kabisa," alisema. "Mama, rudisha kisu jikoni. Kuku wako wamepona ugonjwa ambao hawajaupata."

Demetria alisogea akapapasa vigaga mwenyewe.

Albano alichuchumaa na kuku wake magotini. "Nilipompaka dawa, nilimwingiza adui mlangoni. Siku ile mwili haumjui. Siku ya pili haumjui. Lakini ndani yake kuna walinzi, vijidudu vyake vyenyewe vidogo mno, jicho halivioni. Walinzi hawa hutembea kwenye damu. Mmoja humwona adui, hurudi kuwapa wenzake habari, nao huongezeka na kujifunza kumpiga. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Inachukua wiki. Wakiwa tayari, wanamiminika wote mahali alipo adui. Pale wanapokusanyika ndipo panapovimba."

"Kwa hiyo uvimbe si ugonjwa?" Demetria aliuliza.

"Uvimbe ni walinzi kazini. Mayai yatapungua siku chache, kisha yatarudi. Kigaga kitaanguka chenyewe. Kikianguka kifukie, usikiache uani. Anayevimba ndiye aliyechanjika. Asiyevimba ndiye wa kumtilia shaka."

Mwanabaraka alisikia neno hilo la mwisho, na zile ndimu sita zikawa nzito kiunoni kama mawe. Alitaka kwenda zake kimya. Lakini Albano alikuwa amekwisha simama.

"Sasa twende kwako, mama."

Walikwenda. Ndimu zilikuwa zinampigapiga pajani kila hatua. Uani kwake Albano alimkagua kuku wa kwanza, akapapasa paja mara mbili. Akamkagua wa pili. Akafika wa sita, kicheko chote kimekwisha.

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata mmoja. Mama, uliwafanya nini?"

"Mie?" Mwanabaraka alisema. "Sikuwapaka dawa."

Na kweli hakuwapaka dawa. Alilishikilia neno hilo kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Alikuwa amechoka. Hakuwa na nguvu ya kugombezwa na mtu mgeni mbele ya mumewe na jirani yake.

Albano alivua kofia akaketi kwenye kinu kilicholala. "Basi kosa ni langu," alisema taratibu. "Kwa Demetria nilichanja mapema, kulikuwa na ubaridi. Kwako nilifika jua kali. Barafu lazima iliyeyuka, dawa ikafa kwenye chupa. Na baada ya hapa nilichanja nyumba saba. Itabidi nizirudie zote." Akafuta uso kwa kiganja. "Dawa niliyobaki nayo nilikuwa nimewawekea watu wa Chang'ombe. Wao hawajachanjwa hata kuku mmoja, na ndui imekwisha vuka kutoka Mtoni. Sijui nitawaambia nini."

Barazani Mwinjuma alimtazama mkewe. Yeye aliziona ndimu zote nne siku ile, na angeweza kusema. Alimwachia mwenyewe.

Mwanabaraka aliwafikiria watu wa Chang'ombe. Wengine ndio wanunuzi wake wa mayai. Akamtazama huyu mtu mrefu aliyekaa juu ya kinu chake akijilaumu kwa kosa ambalo si lake. Akafungua pindo la kanga, akazimwaga ndimu chini mbele ya Albano, zikabiringika hadi miguuni kwake.

"Dawa yako haikufa kwenye chupa," alisema. "Niliiua mie. Uliposema wasipakwe dawa, mie niliona ndimu si dawa. Niliwakamulia wote, ulipotoka tu. Nikawasugua mpaka damu ikaisha. Nisamehe, bwana." Akaifunga upya kanga. "Nimechoka mie. Sikutaka kusemwa."

Aliinamisha kichwa akingojea maneno makali. Hayakuja. Albano aliokota ndimu moja akaigeuzageuza.

"Mama, umeniokolea nyumba saba," alisema. "Kosa lingine ni langu. Ningesema: usipake kitu, si dawa, si majivu, si ndimu, hata maji usioshee. Ule uchachu uliua ndui niliyompaka kuku kabla walinzi hawajaiona. Walinzi hawakujifunza kitu. Mapaja mazuri, lakini ndani hakuna ulinzi wowote."

"Sasa itakuwaje?"

"Tutachanja tena, leo hii. Kwako hapahitajiki dawa nyingi." Alisita kidogo. "Ila sitakudanganya. Ndui imefika karibu. Kama kuna kuku amekwisha ipata, chanjo ya leo itamchelewea. Tunashindana mbio na ugonjwa, nao umetangulia siku tisa."

Siku tisa. Mwanabaraka aliona ni kama alizichoma kwa mkono wake.

Walichanja upya, paja la upande wa pili. Demetria alisaidia kuwashika. Bi Mkongwe alimdonoa Albano mahali palepale.

"Huyu ana makovu ya ndui," Albano alisema akimtazama upanga. "Aliugua zamani? Basi walinzi wake wanamjua adui. Mtazame vizuri siku ya pili." Kisha akamgeukia Mwanabaraka. "Hebu nikuulize. Wewe ulichanjwa ndui ya watu?"

Mwanabaraka alifunua bega akaonyesha kovu. "Mara mbili. Mara ya kwanza nikiwa mtoto. Mkono ulinivimba wiki nzima, na homa juu. Mara ya pili wakati wa vita vya Hitla. Hiyo haikuwa kitu. Iliniwasha kesho yake, ikatoka kipele, siku ya nne imekwisha. Nilijua wamenichanja maji matupu."

"Hayakuwa maji. Mara ya pili walinzi wako hawakuwa na haja ya kujifunza. Walikuwa wanamkumbuka adui. Walikimbia mara moja, wakammaliza upesi. Mwili unakumbuka, mama."

Mwinjuma aliguna barazani. "Basi mgongo wangu na uisahau hiyo katani."

Wakacheka wote, hata Mwanabaraka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila asubuhi kabla ya uji alifungua banda akawapapasa mapaja. Siku ya pili Bi Mkongwe alikuwa na vinundu vidogo. Siku ya nne vilikuwa vimenywea. Zamani Mwanabaraka angeshtuka. Sasa alijigusa bega akatikisa kichwa. "Wewe unakumbuka," alimwambia yule kuku. Wengine wote mapaja yao yalikuwa laini bado.

Siku ya tano aliona alichokuwa anakiogopa. Matetea wawili walikuwa wamejikunyata pembeni, vidonda vyeusi kwenye upanga. Alituma habari kwa Albano. Jibu lilikuja: watenge, waoshe macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, walishe kwa mkono, choma anayekufa.

Mwanabaraka aliwatenga. Aliwaosha macho mara tatu kwa siku. Aliwamezesha uji mwepesi kwa kidole. Nyuma yake Mwinjuma alikuwa anangoja kugeuzwa, mbele yake kikapu kilikuwa na mayai manne tu. Siku ya saba wale matetea wawili walikufa, mmoja alfajiri na mwingine adhuhuri. Aliwachoma nyuma ya nyumba. Hakulia kwa ajili ya kuku. Alilia kwa ajili ya zile siku tisa.

"Ungetaka nikulaumu?" Mwinjuma alimwuliza.

"Ndiyo."

"Basi sikulaumu," Mwinjuma akasema. "Njoo ukae."

Hakukaa. Alirudi bandani, akamkamata tetea wa kwanza aliyemfikia, akaingiza vidole chini ya manyoya. Akasimama. Akapapasa tena. Chini ya kidole gumba kulikuwa na vinundu vigumu, vimepangana. Alimkamata mwingine. Vinundu. Mwingine. Vinundu. Wote kumi na mmoja walikuwa wamevimba, na Bi Mkongwe, aliyekuwa wa kumi na mbili, alikuwa amekwisha pona zamani.

"Demetria!" aliita kwa sauti ambayo mtaa haukuwa umeisikia kwa miezi minne. "Shoga! Wangu wamevimba!"

Demetria alikuja mbio, akapapasa paja moja baada ya jingine, akampigia kigelegele mwenzake. Jirani wa tatu alichungulia juu ya ua akauliza kuna arusi gani. Akaambiwa kuku wamevimba. Akaondoka akiwaona wote wawili wana wazimu.

Ndui ilipita Temeke mwezi ule. Iliua kuku wengi katika nyumba zilizokataa kuchanja. Kwa Mwanabaraka haikumgusa kuku mwingine hata mmoja. Chang'ombe kote Albano alichanja, kwa dawa ileile iliyokuwa karibu kumalizwa bure. Sasa kila nyumba aliyoingia alisema kwanza kabisa, kabla hata ya salamu kukamilika, "Hata ndimu, mama. Hata ndimu usipake."

Wiki ya tatu vigaga vilianza kuanguka. Mwanabaraka aliviokota akavifukia. Mayai yakarudi kikapuni, kidogo kidogo. Siku moja adhuhuri, baada ya kutoka Chang'ombe, aliketi barazani kando ya mumewe. Alikata ndimu mbili, akazikamulia kwenye maji ya baridi, akatia sukari. Wakanywa wote wawili.

"Hapa ndipo mahali pake," Mwinjuma alisema.

Hakujibiwa. Alipogeuza shingo, kikombe kilikuwa kimelala mkekani. Mwanabaraka alikuwa amelala usingizi, mchana kweupe, kichwa ukutani na kinywa wazi kidogo. Mwinjuma alisikia ubavu wake unamuuma na ilikuwa saa ya kugeuzwa. Hakumwamsha. Alishika ukingo wa ubao wake kwa mikono yote miwili, akauma meno, akajigeuza mwenyewe.